Nani Alimuua Kapteni Alex? Kisasi Kisichomjua Mkosaji

Kama ulikulia Chimala mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaikumbuka sheria ya kwanza ya kibanda umiza: stelingi hafi. Kibanda chetu kilikuwa cha mabanzi, hatua chache tu kutoka barabara kuu, na malori ya Tunduma yakipita usiku ukuta mzima ulitikisika pamoja na televisheni. Unalipa shilingi 50, unabanana kwenye benchi, unasubiri. Adui atamuua baba wa stelingi, au mke wake, au mwalimu wake wa karate. Stelingi atalia kidogo, ataenda mlimani kufanya mazoezi, kisha atarudi. Sisi tuliokuwa na mlima mgongoni, ule wenye kona 57 za kupandia kwenda Matamba, tulidhani tunajua kabisa alikokwenda.

Shida ilikuwa jenereta. Mara nyingi petroli iliisha pale pale stelingi anapomfikia adui. Giza, kelele, mwenye kibanda anatutoa nje kwa fimbo, na hela harudishi. Tulitembea kurudi nyumbani tukibishana alimuua vipi. Kwamba atamuua hilo halikuwa na ubishi. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kama yule adui ndiye kweli aliyeua. Tulikuwa tumemwona kwa macho yetu akiua, dakika ya kumi tu ya filamu. Utauliza nini tena?

Nimeikumbuka giza ile baada ya kuitazama upya filamu ambayo wapenzi wengi wa sinema za bei ya chee wanaijua: *Who Killed Captain Alex?*, iliyotengenezwa mwaka 2010 pale Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Aliyeiongoza, kuiandika na kuihariri ni Isaac Nabwana, mtu aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki. Kampuni yake aliiita Ramon, kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Gharama inayotajwa ni dola 200 hivi. Ndiyo, umesoma sawa. Kwa hela hiyo hapa kwetu hata pikipiki chakavu hupati, na yeye akapata filamu yenye vita, helikopta na jiji linalolipuliwa.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Kapteni Alex ni mwanajeshi hodari anayetumwa kulimaliza genge la Tiger Mafia, ambalo bosi wake ni Richard. Jeshi linamkamata ndugu yake Richard. Richard anaapa kulipiza. Alex anauawa. Anatokea Bruce U, mdogo mtu kwa kung fu za Shaolin lakini ndugu wa damu wa marehemu, naye anaapa kulipiza. Hapo tuna ndugu wawili kila upande na viapo viwili. Kinachofuata ni risasi mpaka mwisho. Na jibu la swali lililoandikwa kwenye jina la filamu halitolewi. Filamu inaisha, na nani alimuua Kapteni Alex hatuambiwi.

Nataka niseme kwanza uzuri wake, maana wengi wanaisema filamu hii kama kituko tu, na huo si uungwana.

Uzuri wa kwanza ni kwamba haioni aibu. Bunduki zilichongwa na kuungwa kutoka kwenye vyuma chakavu. Kompyuta za kuhariria Nabwana alizikusanya mwenyewe kipande kwa kipande. Waigizaji ni majirani ambao hawakulipwa mshahara, na DVD ziliuzwa mkono kwa mkono mtaani. Diski haikuwa na nafasi, hivyo alipotaka kutengeneza filamu nyingine ilibidi afute picha za ile ya mwanzo, na kilichobaki ni nakala ya DVD. Damu mwanzoni ilikuwa damu halisi ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja alipougua, ndipo wakahamia rangi ya chakula. Ukiyajua haya, kila mlipuko wa kompyuta unaoonekana kama mchoro wa mtoto unaanza kuutazama kwa jicho lingine. Kuna filamu zetu nyingi za Bongo zilizokuwa na bajeti mara mia ya hiyo, na bado zilitumia dakika nne kumwonyesha mtu akifungua geti, akipaki gari na kupanda ngazi. Nabwana hakupoteza hata dakika moja.

Uzuri wa pili ni sauti. Juu ya filamu anazungumza VJ Emmie, anayeshangilia, anatania na kumchokoza mtazamaji. Mzungu anaweza kudhani huo ni ubunifu wa ajabu, lakini sisi tunaujua kabla. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro. Hawa ndio waliotufasiria Wachina na Wahindi kwenye vibanda, na wakati mwingine walitunga kisa kizima kilichokuwa bora kuliko kile cha mwenye filamu. Nabwana mwenyewe amesimulia kwamba utotoni hakuwa akienda sinema; alizijua filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliokuwa wakienda. Kwa hiyo msimulizi si kiraka kwenye filamu hii. Filamu yenyewe imezaliwa na usimulizi.

Uzuri wa tatu, ambao ndio ulionishika, ni kwamba inavunja sheria ya kibanda. Stelingi anakufa! Jina lake liko kwenye kava, sifa zote ni zake, halafu anaondoka mapema na kutuachia maiti na swali.

Sasa ubaya. Upo, tena si mdogo. Sauti inakatika. Wahusika wa kike wapo wapo tu, wapigwe au wabebe ujumbe. Watu wanaanguka kwa mamia bila jina, bila kaburi, bila mama. Helikopta inapoangusha mabomu juu ya Kampala, majengo yanalipuka na VJ anatuchekesha, na tunacheka kweli, nilicheka. Lakini ukisimamisha picha ukafikiria, ndani ya yale majengo walikuwamo wafanyakazi wa benki na mafundi cherehani ambao hawakumjua Alex wala Richard. Ukihesabu kwa akili ya kawaida, kwa ajili ya kifo kimoja kisichojulikana aliyekifanya, filamu inaua nusu ya jiji.

Kuna watakaosema ubaya mkubwa kuliko wote ni lile swali lisilojibiwa. Mwandishi kajisahau, au hela ziliisha, au yote mawili. Inawezekana. Mimi sitaki kumpa Nabwana falsafa ambayo hakuikusudia. Ila kazi ya sanaa ikishatoka mkononi mwa fundi inaweza kusema jambo ambalo fundi hakulipanga, na hii inasema jambo moja ambalo filamu za kisasi zenye mamilioni ya dola zinalikwepa: kisasi hakihitaji kumjua mkosaji. Kinahitaji maiti, ndugu mwenye uchungu, na mtu wa kunyooshea kidole. Bruce U haulizi maswali mengi. Kuna genge, genge ni baya, basi ni wao.

Filamu ya kisasi ya kawaida inatudanganya pale pale inapoanza. Inatuonyesha mauaji. Kamera imesimama chumbani, sisi ndio mashahidi, tumemwona muuaji na kovu lake shavuni. Kuanzia hapo kazi yote ngumu ya haki imeshamalizwa: upelelezi, ushahidi, mashaka, uwezekano wa kukosea. Kilichobaki ni kutekeleza adhabu tu, na adhabu bila mashaka ni tamu. Ndiyo maana tulitoka kibandani tukiwa na furaha. Lakini maishani ni nani ana kamera chumbani?

Shakespeare, ambaye naye alijaza ukumbi kwa visa vya kisasi, alilijua hili tatizo. Hamlet anaambiwa na mzimu wa baba yake muuaji ni nani, na bado anasita, anatega mchezo wa kuigiza ili apate uhakika. Wanafunzi wengi wanamwona mzembe. Mimi naona ndiye stelingi pekee anayejua kwamba mzimu si ushahidi wa kutosha. Na hata yeye, siku alipochoma upanga kupitia pazia bila kuangalia, aliyeanguka alikuwa Polonius, mtu mwingine kabisa.

Halafu kuna Juliasi Kaizari, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963 na kisha 1969 ikiwa imesahihishwa. Tunakumbuka hotuba za Brutus na Antoni kwa sababu ndizo tulizokaririshwa shuleni. Tunachosahau ni kituko kifupi kinachofuata. Umati uliowashwa na hotuba uko mtaani ukitafuta wauaji wa Kaizari, unakutana na mtu anayeitwa Cinna. Mmoja wa wauaji naye anaitwa Cinna. Huyu anajitetea kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi. Haimsaidii. Nimewahi kujiuliza Mwalimu alijisikiaje alipofika ukurasa huo, akiwa mkuu wa nchi changa, akitafuta maneno ya Kiswahili ya kuufanya umati uzungumze. Mabepari wa Venisi, aliyoitoa mwaka 1969, nayo ni habari ya kisasi, ila pale swali ni kipimo: Shylock anadai ratili ya nyama, na mahakama inamwambia chukua nyama, lakini damu haimo kwenye mkataba.

Ukiviweka pamoja visa hivyo, unapata maswali mawili ambayo mlipiza kisasi anapaswa kuyajibu kabla hajainua mkono. Aliyefanya ni nani? Na kiasi gani kinatosha? Umati wa Roma ulishindwa la kwanza. Shylock alishindwa la pili. Bruce U na Richard wanashindwa yote mawili, tena kwa mbwembwe.

Sasa nieleze kwa nini hili halinitoki.

Mwanzoni mwa kazi yangu ya uandishi nilikuwa natuma habari kutoka mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu. Unajua ile sentensi. Kila msomaji wa magazeti Tanzania anaijua: mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Niliiandika mara nyingi kiasi kwamba vidole viliiandika vyenyewe. Siku moja niliituma kuhusu kijana aliyeuawa kwenye mji mmoja wa barabarani, akituhumiwa kuiba pikipiki. Niliipata habari kwa simu. Mistari michache, ikatoka ukurasa wa ndani. Nilimwita kibaka. Sikuandika anayetuhumiwa. Kibaka ni neno fupi, linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari.

Wiki kadhaa baadaye pikipiki ilipatikana wilaya ya jirani, kwa mtu mwingine kabisa. Nikaenda, safari hii kwa miguu yangu. Nilimkuta mama wa yule kijana akipepeta mchele uani. Hakunifukuza. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei:

"Mwanangu, si wewe uliyeandika? Hebu niambie. Hao wananchi wenye hasira kali ni akina nani? Maana mimi hapa nawajua wananchi wote."

Sikuwa na jibu. Alikuwa anawajua. Walikuwa wateja wake wa mchele, mmoja alikuwa ameimba naye kwaya. Mji mzima ulijua nani alishika tairi na nani alileta mafuta, na hakuna aliyekuwa tayari kusema. Sentensi yangu ndiyo iliyowafunika. Niliandika habari ya pili, ndefu, ikarudishwa na maelezo kwamba imepoa. Sikupigana sana. Hilo nalo ni langu, si la mhariri.

Nani alimuua Kapteni Alex? Niliposoma jina la ile filamu kwa mara nyingine, nilisikia sauti ya yule mama.

Nisiwe kama hakimu aliyeshiba, lakini. Upande wa pili una hoja na inastahili kusikilizwa. Jirani yetu Chimala aliibiwa ng'ombe wawili wa kulimia, msimu wa mpunga ukiwa umeanza. Alikwenda kituoni, akaambiwa alete nauli ya askari. Alikwenda mara ya nne akaambiwa faili halionekani. Mtuhumiwa alikuwa anampita pale pale njiani akipiga mluzi. Ukimwambia mtu huyo hasira hasara, atakuuliza hasara ipi tena iliyobaki. Wanaofurahia filamu za kisasi si wakatili. Wengi ni watu waliochoka kusubiri. Kwenye benchi la kibanda umiza, kwa shilingi 50, unapata saa moja na nusu ambayo ndani yake mwenye haki anapata haki yake, mbele ya macho yako, bila kutoa nauli ya askari. Sina ujasiri wa kumnyang'anya mtu raha hiyo.

Tena kuna hoja nyingine: filamu ni mchezo. Watoto wa Wakaliga wanaokimbia na bunduki za mbao hawajaua mtu, na Nabwana amesema mara nyingi kwamba anataka watu wacheke. Amin na vita vya baada yake viliwapa Waganda bunduki za kweli za kutosha. Kuzigeuza kichekesho kunaweza kuwa tiba. Hili nalikubali. Mtu anayecheka anajua anachokiona si kweli, na VJ anamkumbusha kila dakika. Katika hilo filamu ya dola 200 ina adabu kuliko zile za Hollywood, ambazo damu yake inafanana na damu na ambazo zinatutaka tuamini.

Bado nabaki na neno moja kwa jirani yangu wa ng'ombe, na kwangu mwenyewe. Hasira yake ilikuwa na haki. Kukosa imani na kituo kulikuwa na sababu. Lakini hayo yote mawili hayakumwambia mwizi ni nani. Udhaifu wa mahakama hauongezi ushahidi. Hapo ndipo tunapochanganya mambo: tunachukua ukubwa wa kosa tulilotendewa tukaufanya uthibitisho dhidi ya mtu tuliyemshika. Kadiri uchungu unavyokuwa mkali ndivyo tunavyojiona tuna uhakika, wakati mara nyingi ni kinyume. Mwenye uchungu haoni vizuri. Bruce U anampenda kaka yake, na upendo huo ni wa kweli. Haumfanyi mpelelezi.

Kwa hiyo *Who Killed Captain Alex?* ni filamu nzuri au mbaya? Ukinibana, nitasema ni filamu mbaya yenye jina zuri kuliko filamu nyingi nzuri. Kama thrila imefeli kabisa: inauliza, halafu inasahau kwamba iliuliza. Kama kazi ya watu wa mtaa mmoja walioamua kutosubiri mfadhili, inanifanya nione haya kwa visingizio vyangu vyote. Na kama kioo, inatuonyesha jinsi swali la nani aliua linavyozama kirahisi chini ya kelele za risasi na vicheko, mpaka hakuna anayekumbuka kwamba liliulizwa. Itazame, ipo bure kwenye YouTube tangu mwaka 2015. Cheka. Ila helikopta ikishamaliza kazi yake, jiulize wewe mwenyewe kama ulikuwa bado unalisubiri jibu. Mimi sikuwa nalisubiri, na ni mwandishi wa habari.

Mwaka jana nilipita Chimala nikashuka. Kibanda hakipo tena, pale pana duka la vocha na simu. Vijana wa bodaboda wameegesha chini ya mti wakitazama kisasi fulani kwenye simu ya mmoja wao, vichwa vimegusana, bando likikatakata. Picha iliganda stelingi akiwa ameinua panga. Mmoja akasema atamkata shingo. Mwingine akasema hapana, mkono kwanza. Wakaanza kubishana, kama sisi. Mdogo kuliko wote, aliyekuwa amechelewa kufika, akauliza huyo jamaa alifanya nini.

Wenzake wakamwambia anyamaze, atazame.